Nyaya Mbili za Shemeji wa Mwezi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Shemeji wa Mwezi, na jina hilo alilipata kwa kinyozi, mahali ambapo mtu huingia na nywele akatoka na kashfa. Siku hiyo alikuwa ameinamisha kichwa, mashine ikimtembea kisogoni, kinyozi akamuuliza kazi yake hasa ni ipi kule kituoni. Wengine walisema analinda mnara, wengine kwamba anatafuta majini.

"Tunarusha mawimbi ya redio mpaka mwezini," akasema. "Yanagonga kule, yanarudi, tunayapokea."

"Yanarudi na nini?"

"Yanarudi yenyewe."

Kinyozi akazima mashine. "Yaani unabisha hodi, unajibiwa hodi yako mwenyewe, na mlango haufunguliwi?"

"Ndivyo."

"Basi huyo ni shemeji yako. Na bado hajakukubali."

Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu walicheka mpaka mmoja akadondosha gazeti. Jina likatoka pale likatangulia nyumbani kabla ya mwenyewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke ambaye ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Alimpokea mlangoni. "Nimesikia mwezi ni shemeji yako. Kwa hiyo ni ndugu yangu? Mbona miaka yote hii haji hata kunijulia hali?"

Hakuudhika. Moyoni alilipenda lile jina. Zamani alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, akinusa moshi wa risasi ya kuchomelea kutwa nzima, akibishana na wateja wanaoleta redio iliyomwagiwa chai kisha wakaapa imeharibika yenyewe. Siku moja akaja binti mmoja mwenye miwani, amekumbatia kipokezi kizito kama mtoto mgonjwa. Alikuwa msomi wa anga, watu wakimwita Daktari. Mtaani jina hilo lilimletea taabu, maana kila alipopita kuna mama aliyemwonyesha goti linalouma. Shemeji wa Mwezi, ambaye binti alimwita Fundi, alikitengeneza kile kipokezi. Binti akaja tena, na tena, mwisho akamwambia afunge kibanda waende wakafanye kazi pamoja kwenye kituo chake cha kuchunguza anga.

Kazi yenyewe, ukiiweka kwa lugha ya nyumbani, ilikuwa hivi. Juu kabisa, kule ambako hata ndege za abiria hazifiki, kuna hewa nyembamba ambayo jua huichoma mpaka ikajaa umeme. Mawimbi ya redio yakipita humo hupindwa, kama shuka linavyopindwa likikamuliwa. Sasa huwezi kupanda kule ukaangalia mkamuaji ana nguvu kiasi gani. Lakini unaweza kurusha mawimbi yaliyonyooka, yakapita humo, yakagonga mwezi, yakapita humo tena wakati wa kurudi, kisha ukatazama yamepindika kiasi gani, na huo ndio msokoto. Jua likipanda, hewa ile hujaa zaidi, na msokoto huongezeka. Asubuhi zile ambazo mwezi mweupe bado umening'inia angani kama sahani iliyosahauliwa mezani, Daktari alikaa mbele ya skrini akitazama mstari wa msokoto ukipanda taratibu pamoja na jua.

Kazi ya Fundi ilikuwa antena ya kupokelea. Ilikuwa boriti ndefu ya alumini juu ya mnara, yenye vijiti vilivyopishana kama herufi X. Vijiti vilivyoegemea kulia vilikuwa na waya wake, vilivyoegemea kushoto na wake. Daktari alilinganisha nguvu ya nyaya hizo mbili ndipo akajua mawimbi yamepindikia wapi. Waya mmoja ulikuwa na utepe mwekundu, mwingine wa buluu. Kwenye soketi zenyewe hakukuwa na alama yoyote.

"Fundi, tuweke rangi na kwenye soketi," Daktari alimwambia zamani.

"Daktari, mama anayewapaka watoto wake rangi ili asiwachanganye, huyo ni mama wa aina gani?"

Binti akacheka, akaacha. Na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Daktari hakuwahi kupanda mnara kuhakiki kazi yake. Kila mtu pale kituoni alihakikiwa: aliyesoma vipimo alisomewa tena, hata mlinzi wa getini aliulizwa mara mbili kama amefunga. Fundi peke yake aliulizwa, akajibu, ikaisha. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alikuwa na hilo tu, kwamba akisema ndiyo, ni ndiyo. Alitembea nalo kifua mbele kama mtu aliyevaa suti mpya, akiogopa hata kuketi isije ikakunjamana.

Ikafika wiki ya kupaka rangi. Wageni walitarajiwa, wasomi wa vyuo mbalimbali, na pamoja nao Profesa mzee aliyemfundisha Daktari. Mnara ulikuwa umeota kutu, na Fundi akaamua auoneshe watu ukiwa mpya. Akazifungua nyaya zisichafuke, akapaka boriti, akapaka nguzo, na kwa uhodari wake akapaka na kale kajukwaa kadogo nyuma ya antena ambako husimama siku zote akifanya kazi. Alipomaliza akakumbuka nyaya. Jukwaa bichi, rangi inang'aa kama maziwa. Hata mpaka rangi wa sebule za watu anajua: usianze mlangoni, utajifungia ndani.

Akasema, aa, kwani tatizo nini? Akaegemeza ngazi upande wa mbele, akapanda, akafunga nyaya. Nyekundu kulia, buluu kushoto, kama alivyofanya miaka yote. Akakaza, akashuka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa huku akipiga mluzi.

Ila miaka yote alisimama nyuma. Mtu akisimama mbele ya mwenzake, kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Mtoto anayejifunza kupeana mkono analijua hilo. Shemeji wa Mwezi, siku ile, hakulijua.

Mwezi uliporudi zamu ya asubuhi wakaanza kupima, na mstari kwenye skrini ukafanya kituko. Jua likipanda, wenyewe ukashuka. Kesho yake ukashuka tena. Daktari alisogea karibu na skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Fundi, nyaya ziko sawa?"

Swali halikuwa na ubaya. Lakini lilimchoma, maana ndani yake alisikia swali jingine ambalo hakuwahi kuulizwa. Angeweza kusema, ngoja nikatazame. Ngazi ilikuwa pale nje, haina hata kazi. Badala yake akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, kama mtu anayeonyesha hati.

"Kwa mikono yangu hii, Daktari. Labda uniambie mikono hii si yangu."

"Nisamehe, Fundi. Nilikuwa nauliza tu."

Binti ndiye aliyeomba radhi. Alimwomba yeye.

Basi tangu hapo Daktari akawa mtu mwingine. Alipitia hesabu zake, akapitia vipimo vya zamani, akazunguka chumba akijisemea. Kama nyaya ziko sawa, kama mtambo uko sawa, basi huko juu kuna jambo ambalo halijapata kuonekana. Akampigia Profesa. Wale wageni waliokuwa waje kuangalia kituo tu, sasa wakaambiwa waje waone maajabu.

Siku moja kabla ya ugeni, Daktari aliona buibui wametanda kwenye vijiti vya antena. "Fundi, wageni wasije wakasema tunafuga. Wewe panda ufagie, mimi nakushikia ngazi."

Akapanda kwa kupitia nyuma, jukwaa lilishakauka. Akashika ufagio mdogo, akainua macho. Waya mwekundu ulikuwa kushoto.

Akaangalia tena. Akageuza kichwa kana kwamba wenye makosa ni shingo. Waya ukabaki kushoto. Kijasho chembamba kikamtoka chini ya kofia, na upepo ulikuwa unavuma vizuri tu. Aliona yote kwa mpigo: rangi mbichi, ngazi upande wa mbele, mluzi, mikono miwili iliyonyooshwa.

Chini yake Daktari alikuwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja, simu ameibana kwa bega. "Ndiyo, Profesa, hilo la nyaya ndilo nililoanza nalo. Hapana, mwenyewe sijapanda. Nimemuuliza Fundi wangu." Akacheka. "Huyu? Huyu akisema ndiyo, Profesa, hata mimi najiona nimeona."

Kama angesema neno wakati ule, lingeshuka vipandio vichache tu vya ngazi likafika. Akafikiri haraka, na fikra za mtu mwenye haya hazina haya. Nikizirudisha sasa, kesho mstari utapanda kama kawaida. Watasema lile ajabu limepita, anga ina mambo yake. Nani ataibishia? Anga haina mdomo wa kukanusha.

Akafungua, akabadilisha, akakaza. Akafagia na buibui, maana ndio waliompandisha.

"Tayari?" Daktari akauliza.

"Tayari."

"Uko sawa? Umepauka."

"Vumbi."

Jioni mkewe alikuwa na pasi mkononi, akilinyoosha shati lake jeupe kama la bwana harusi. "Nimewaambia wote hapa, kesho mume wangu anapokea maprofesa. Mke wa kinyozi ananiuliza, watakula nini? Nikamwambia, wale hawali, wanashiba namba." Akamtazama. "Mbona hucheki? Na chakula unakigeuzageuza kama unakitafutia mlango."

"Nimechoka."

"Basi chokea kesho, wageni wakiondoka. Leo nyoosha uso, shati nimeshanyoosha mimi."

Asubuhi wageni wakajaa kwenye kile chumba cha mitambo, chumba chenye joto na mngurumo wa feni, wamekaa kwenye viti vya kuazima. Dirishani mwezi ulionekana juu ya tangi la maji, mweupe, haufai hata kumulikia panya. Fundi alisimama karibu na mlango ndani ya shati lake. Profesa alikaa mbele, mzee mdogo wa mwili, kofia ameiweka gotini.

Daktari alieleza vizuri. Aliwaeleza habari ya hewa ile na msokoto, na sauti yake ikawa na furaha ambayo alijitahidi kuificha. "Nasema mapema, sijui maana yake," akasema. "Nimewaita tusaidiane. Ila mtaona kwa macho yenu, jua linavyopanda, mstari huu unashuka."

Mstari ukapanda.

Mwanzoni alitabasamu. "Tusubiri kidogo," akasema. Wakasubiri. Mstari ukapanda zaidi, bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Daktari akagonga pembeni mwa skrini kwa kidole. Akaangalia saa, akaangalia dirisha kana kwamba huenda jua ndilo limekosea. Nyuma mtu akakohoa. Kijana mmoja mwenye tai akamnong'oneza jirani yake, si kwa chini sana, "Labda mwezi umebadili msimamo." Jirani akabana kicheko puani.

Profesa akaongea taratibu. "Binti yangu, kuna mtu ameigusa antena tangu jana?"

"Fundi alifagia buibui tu, Profesa."

"Na nyaya?"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Kabla Fundi hajapumua, Daktari akasimama kati yake na wao, kama mama anayemkinga mtoto na mbwa wa jirani.

"Hapana, yeye msimuingize. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akanihakikishia. Kama kuna kosa, ni langu. Litakuwa kwenye hesabu."

Akaanza kulitafuta. Hapo, mbele ya watu wote, akashika chaki akaziandika upya hesabu zake ubaoni, mstari mmoja baada ya mwingine, akijisahihisha kwa sauti. "Hapa labda nilipunguza badala ya kujumlisha. Hapana. Hapa basi." Chaki ikakatika, akaokota kipande. Alikuwa akitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na kwa kuwa halikuwepo, hakulipata, na kwa kuwa hakulipata, akazidi kujilaumu. Kijana wa tai akaanza kumsaidia kwa sauti ya mtu anayemvusha mtoto barabara.

Na Fundi akasimama akatazama. Hili ndilo baadaye lililomkosesha raha kuliko yote. Kuchanganya nyaya, ni mikono. Kunyamaza juu ya ngazi, ni woga, na woga mtu huzaliwa nao. Lakini pale mlangoni alikuwa na nafasi ya kusema, akaipitisha. Ikaja nyingine, akaipitisha na hiyo. Alimwacha binti yule afute ubao mara ya pili. Kuna sehemu ndani yake, ndogo, chafu, iliyokuwa ikiomba apate kosa lolote, hata la kubahatisha, ili yaishe.

Kisha Daktari akageuka na unga wa chaki kwenye miwani, akawaambia wageni, "Nadhani sikustahili kuwaita. Nawaomba radhi."

Kumbe mtu anaweza kuvumilia mwingine akiomba radhi kwa kosa lake yeye mara moja tu.

"Nyaya zilipishana," Fundi akasema.

Hakuna aliyemsikia, feni zilinguruma. Ikabidi aseme tena, kwa nguvu, na ikatoka kama kelele za sokoni. "Nyaya zilipishana! Mimi ndiye. Nilipopaka rangi nilizifungia upande wa mbele, kulia kukawa kushoto. Jana nimeona, nikazirudisha."

Kijana wa tai alicheka peke yake, akagundua yuko peke yake, akaacha.

"Jana uliona?" Profesa akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na leo ulikuwa umesimama hapo, muda wote huu?"

"Ndiyo."

Alisubiri kugombezwa. Hata alitamani. Lakini Profesa aliitikia kwa kichwa tu, akaigeuza kofia yake gotini, akatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

"Asante, Fundi," Daktari akasema. Kisha akawageukia wageni, akavua miwani akaifuta, akajichekesha. "Basi ndugu zangu, anga iko salama. Tuliojipinda ni sisi."

Wakacheka wote, kicheko cha ahueni, na chumba kikapata hewa. Wakaanza kusimulia makosa yao wenyewe, aliyesahau kuwasha mtambo, aliyepima kiota cha ndege kwa mwezi mzima. Ugeni ukaokoka. Ila neno lile, sisi, lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Daktari angeweza kusema, ni yeye. Angenyoosha kidole. Kwa kusema sisi, alikuwa amelipa na sehemu ambayo si yake.

Wageni walipoondoka, Fundi alimfuata Daktari pale alipokuwa akipanga viti. "Daktari. Nisamehe, mwanangu."

Hakuwahi kumwita mwanangu kazini. Binti aliendelea kupanga viti mpaka vikaisha, ndipo akakosa cha kushika.

"Nyaya nimeshakusamehe. Hata mimi ningechanganya. Na kunijibu vile nilipokuuliza, nacho nimesamehe, kila mtu ana kiburi chake." "Lakini jana, Fundi, mimi nilikuwa chini yako. Nilikuwa nimekushikia ngazi usianguke. Na wewe juu pale unanificha."

Lugha yake yote ilikuwa na methali za kumtetea mwenye kukosea, na hata moja haikukubali kutoka.

"Mwezi bado haujazama," Daktari akasema akitazama dirishani. "Tumepoteza asubuhi nyingi. Tuendelee."

Akakaa mbele ya skrini, naye Fundi akakaa kwenye kiti chake cha pembeni, penye swichi za kuzungushia mnara. Walifanya kazi bila utani. Mawimbi yalikwenda yakarudi, yakasikika kwenye spika kama mtu anayepumua chumba cha pili.

"Fundi, antena imeelekea vizuri?"

"Imeelekea vizuri."

Zamani hapo pangeisha. Angeandika, wangesonga mbele. Binti aliweka kalamu chini, akakaa kidogo kana kwamba anabishana na miguu yake. Kisha akanyanyuka, akapita mbele yake bila kumtazama, akafungua mlango wa nje.

Fundi hakugeuka. Alizisikia hatua zake kwenye kokoto, zikipita chini ya dirisha, zikiuzunguka mnara, zikasimama upande wa nyuma. Zilisimama kwa muda mrefu. Aliangalia mikono yake, imelala juu ya suruali ya kupigwa pasi, akaona haya kuiangalia, akaificha katikati ya magoti.

Mlango ukafunguka.

"Ni kweli," Daktari akasema, akakaa, akaandika.

"Asante," Fundi akajibu, na masikio yakamwaka moto.